Mwaka wa Mahindi ya Manjano

Chumba cha giza cha kliniki yetu kilikuwa stoo ya viazi kabla daktari hajakikodi, na harufu ya viazi haikuwahi kuondoka. Ilichanganyika na ile ya dawa ya kukazia picha, inayonuka kama siki, hata nikitoka kazini jioni makanga wa matatu aliniuliza kama nauza chipsi.

Kliniki ilikuwa Kawangware, kando ya Barabara ya Naivasha, ghorofani juu ya duka la misumari na mabati. Mwaka 2002 nilikuwa nimemaliza shule miaka miwili nyuma na karo ya chuo haikuwepo. Daktari alinichukua nimfagilie na nimchemshie vyombo. Baadaye, alipoona mkono wangu hautetemeki, akaniachia kazi ya kusafisha picha za eksirei.

Filamu ya jino moja haizidi stempu kubwa ya posta. Nilifunga mlango, nikaziba ufa wa chini kwa gunia, nikawasha balbu nyekundu. Nilichana pakiti, nikatoa karatasi nyeusi na kipande chembamba cha risasi, nikaibana filamu kwenye kibanio na kuichovya katika mkebe wa kwanza. Saa ya mkononi sikuweza kuisoma mle ndani, kwa hiyo nilipima muda kwa kuimba wimbo wa kanisani, beti tatu, bila haraka. Ubeti wa pili ukikaribia kuisha, pembezoni mwa filamu palianza kuwa peusi, na katikati jino likabaki limesimama jeupe na mizizi yake. Nikalisuuza, nikalitia kwenye mkebe wa siki, nikaanza wimbo upya. Niliyaona meno ya mamia ya watu kwa njia hiyo, wengine wao sikuwahi kuwaona sura.

Nyumbani kwetu kulikuwa Kibera, Laini Saba, ambako Wakamba wengi tulipanga. Siku nisizokuwa na nauli nilitembea: unapanda hadi Barabara ya Ngong, unaifuata hadi Dagoretti Corner, unakunja kulia, na baada ya saa nzima na ushee uko Kawangware na vumbi hadi magotini.

Kibera niliyokulia ilikuwa na vinywa vya kila namna. Mzee wa Kijaluo aliyeshona viatu karibu na reli hakuwa na meno sita ya mbele ya chini; yaling'olewa ujanani, kama desturi yao ilivyotaka. Nyanya yangu alipokuja kututembelea kutoka Machakos, alicheka kwa meno ya juu yaliyochongwa yakawa na ncha, urembo wa Kikamba wa enzi zake, na watoto wa ploti nzima walikuja kumchekesha makusudi ili wayaone. Wenzetu waliohamia kutoka Nakuru walikuwa na madoa ya kahawia, kazi ya floraidi iliyo katika maji ya Bonde la Ufa. Mtu akifungua kinywa ulijua kwao ni wapi.

Alizaliwa lini, hilo lilikuwa swali jingine. Siku niliyopelekwa darasa la kwanza mwalimu hakudai cheti. Aliniambia nipitishe mkono juu ya kichwa niguse sikio la upande wa pili. Nililifikia kwa ncha ya kidole, akaandika jina langu. Rafiki yangu wa mlango wa tatu hakulifikia, akarudishwa nyumbani akilia, ingawa mama zetu wote wawili walijua kwamba yeye ndiye mkubwa. Mkono wake ulikuwa mfupi tu.

Shangazi yangu, dada ya baba, aliishi Kawangware upande wa Gatina na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Ukimwuliza mtoto huyo ana miaka mingapi, shangazi hakutaja namba. Alisema, "Huyu nilimzaa tukila mahindi ya manjano."

Kila Mkamba wa rika lake alielewa. Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosa kabisa na serikali ikaagiza mahindi kutoka ng'ambo. Yalikuwa ya manjano, na watu waliozoea unga mweupe waliyala huku wamekunja uso. Ukambani njaa ile iliitwa Nikwa Ngwete, yaani nakufa nimeshika, kwa sababu mtu aliweza kuwa na pesa mkononi na asipate chakula cha kununua. Shangazi alijifungulia nyumbani kwa wazazi wake, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Hakuna aliyeandika kitu.

Jumamosi tarehe 22 Juni 2002, Senegal ilicheza na Uturuki robo fainali ya Kombe la Dunia. Mabanda ya video ya Kawangware yalijaa tangu saa saba mchana, na Senegal ilipotolewa kwa lile bao la dhahabu, watu walitoka wameinamisha vichwa kama wametoka matangani. Mtoto wa shangazi alikuwa miongoni mwao. Hakufika nyumbani. Polisi walikuwa na msako uliohusu redio ya gari iliyoibwa, na vijana wanne waliokuwa wakitembea pamoja walitosha.

Tulimwona Jumatatu mahakamani. Karatasi ya mashtaka ilisema ana miaka 19. Aliyeandika hakuwa amemwuliza. Alitazama kimo chake na ndevu zilizoanza kuota, akakata shauri. Tofauti kati ya 17 na 19 ilikuwa na uzito. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imeanza kutumika Machi mwaka uleule, haijamaliza hata miezi minne, nayo ilisema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto: asiwekwe na watu wazima, apelekwe makao ya watoto, kesi yake isikizwe na mahakama ya watoto. Mwenye miaka 19 alipanda gari la mahabusu pamoja na majambazi.

Shangazi alisimama akapaza sauti kwamba bado ni mtoto. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, hakumfokea. Aliagiza mshtakiwa apelekwe hospitali akapimwe umri.

Huko alifunguliwa kinywa, akamulikwa tochi, meno yakahesabiwa. Yalikuwa 32. Magego ya mwisho, yale tunayoyaita meno ya akili, yalikuwa yametoka yote manne. Karatasi ikarudi na mstari mmoja: umri ni zaidi ya miaka 18.

Niliipeleka nakala yake kwa daktari wangu. Aliisoma akiwa amesimama dirishani, kisha akaketi akaisoma tena.

"Hawakudanganya," akasema. "Wamesoma vizuri. Ila kitabu walichosomea si chake."

Akanieleza, na kwa kuwa mgonjwa wa saa tano hakuwa amefika, alinieleza kwa kirefu. Vitabu vingi vya meno viliandikwa kutokana na watoto wa Ulaya na Amerika, na humo gego la mwisho hutokeza baina ya miaka 17 na 21, pengine baadaye. Lakini mwaka 1985 Hassanali wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha utafiti uliolinganisha Wakenya Waafrika na Wakenya wenye asili ya Asia, na gego hilo lilitoka mapema zaidi kwa Waafrika. Kwa hiyo kijana wa Kawangware anaweza kuwa na meno yote 32 na bado hajafika 18. Tena kutokeza kwenye ufizi hutegemea mambo mengi: nafasi ndani ya taya, jino la utotoni lililong'olewa mapema, hata desturi. Kwa mtu aliyeng'olewa meno sita ya chini, utahesabu nini?

"Usilitazame jino lilipo juu," akasema. "Litazame chini, kwenye mzizi."

Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora nyuma yake picha nane kwa mstari. Ya kwanza ilikuwa vidoa vya ncha za jino vinavyoelea ndani ya mfupa. Halafu vidoa vikaungana vikawa kofia, kofia ikawa taji, taji likaota mizizi. Katika picha ya sita mizizi ilikuwa mirefu lakini ncha zake ziko wazi, kama mdomo wa tarumbeta. Katika ya nane zimefunga. Hatua hizo nane, A hadi H, zilipangwa mwaka 1973 na Arto Demirjian na wenzake kule Montreal, kwa picha za watoto wa Kanada wanaozungumza Kifaransa. Demirjian alitumia meno saba ya taya la chini, upande wa kushoto, akaliacha gego la mwisho kwa sababu lina vituko vingi. Lakini mtu akishapita miaka 15 au 16, hayo mengine yote yamekwisha kufunga. Linabaki lenye vituko peke yake.

Daktari alipenda historia ya kazi yake. Siku ile alinisimulia habari za Edwin Saunders, daktari wa meno wa London, ambaye mwaka 1837 aliwakagua watoto zaidi ya 1,000 ili alionyeshe Bunge kwamba meno hupima umri vizuri kuliko kimo. Sheria ya viwanda ya 1833 ilikuwa imekataza watoto wa chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vya nguo, na umri wa mtoto ulikadiriwa kwa urefu wake. Vyeti vya kuzaliwa havikuwepo. Serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha vizazi mwaka huohuo wa 1837. Nilifikiria mkono mfupi wa rafiki yangu wa Laini Saba.

Hakimu alikubali maoni ya pili. Konstebo alimleta mtoto wa shangazi kliniki akiwa na pingu, akamfungua mkono mmoja, akaomba chai. Nilimpa. Binamu yangu aliketi kwenye kile kiti nilichokifuta kila asubuhi. Alikuwa amekonda na alinuka seli. Daktari alimwekea filamu nyuma kabisa ya taya la chini, kushoto, akamwambia aume polepole. Filamu ilimchoma, machozi yakamtoka, lakini hakuitema. Ilipotolewa aliuliza, "Daktari, sasa nitakuwa na miaka mingapi?" Aliuliza kama mtu anayengoja kugawiwa.

Mle gizani sikuweza kuimba. Koo lilikauka. Nilihesabu kwa vidole, na kwa papara niliitoa filamu kwenye siki kabla ya wakati na kuisuuza nusunusu. Lakini niliiona. Mizizi miwili ya gego ilishuka ikapinda kidogo, na mwishoni kila mmoja ulikuwa wazi, midomo miwili midogo ya tarumbeta.

Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Bado," akasema. "Haijafunga."

Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na mkoba mapajani, aliinuka. "Nilisema! Andika basi, Daktari. Andika kumi na saba."

Daktari alitikisa kichwa. Wapo vijana wa miaka 16 wenye mizizi kama ile, akasema, na wapo wa 17, na wachache wa 19. Angeandika kwamba umri unakadiriwa kati ya 16 na 19, na kwamba jino haliwezi kumthibitisha kuwa ametimiza 18.

Shangazi alimtazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Alikuwa ameuza mbuzi kulipia siku ile. "Kumi na tisa si ndiyo waliyoandika wao? Umenisaidia nini?"

"Mama," daktari akamjibu kwa upole, "kumi na saba ni yako wewe. Wewe ndiye uliyekuwepo. Mimi jino lake nimekutana nalo leo."

Nilidhani amejificha nyuma ya maneno. Njiani kurudi Gatina shangazi hakunisemesha, na mimi sikuwa na la kusema.

Mahakamani barua ilisomwa. Kiongozi wa mashtaka alisema kati ya 16 na 19 kuna 18 na kuna 19, kwa hiyo barua haimwondolei mshtakiwa kitu. Hakimu akamwita shangazi kizimbani, akamwuliza mtoto alizaliwa mwaka gani.

"Mwaka wa mahindi ya manjano, Mheshimiwa."

Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu hakucheka. Alivua miwani. "Wakati mkila ya manjano," akauliza, "ya kwenu shambani yalikuwa yamevunwa?"

"Bado, Mheshimiwa. Mvua ya vuli ilikuwa imerudi. Yalikuwa yamefika hapa." Shangazi akainama akashika goti lake.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Mvua ya vuli huanza Oktoba. Mahindi ya kufika magotini ni Novemba au Desemba. Mavuno ni Februari 1985. Kijana huyu, akasema, hatimizi miaka 18 kabla ya Novemba mwaka huu. Jino halikatai hesabu hiyo, na mama ameieleza. Anatambuliwa kuwa na miaka 17.

Baadaye nilikuja kusoma kifungu alichokitumia, cha 143 cha Sheria ya Watoto ya 2001. Kilisema umri ambao mahakama imeutamka utahesabiwa kuwa ndio umri wa kweli kwa ajili ya sheria ile, na uamuzi hautabatilika hata ushahidi mwingine ukija kuonyesha vinginevyo. Siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba shangazi alishika goti lake mbele ya watu, na nilielewa ghafla kwamba alikuwa akifanya kazi ileile ya daktari. Mmoja alisoma mzizi umefika wapi, mwingine mhindi umefika wapi. Mmoja peke yake hakutosha.

Binamu yangu alihamishiwa makao ya watoto baada ya siku kumi na moja za kulala na watu wazima. Mlalamikaji hakutokea mara tatu, kesi ikatupwa. Alipochukua kitambulisho, karani aliandika tarehe 1 Januari 1985. Nusu ya watu niliowajua walizaliwa tarehe 1 Januari.

Nilikaa kliniki miaka mingine mitano. Barua za namna ile ziliongezeka baada ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kwa sababu humo kifungo cha aliyemnajisi mtoto hufuata umri wa mtoto huyo: 16 hadi 18, si chini ya miaka 15; 12 hadi 15, si chini ya miaka 20; 11 kwenda chini, maisha. Daktari alizirudia barua hizo mara nyingi kabla ya kutia sahihi. Watoto wadogo walimsumbua kidogo, maana kwao meno mengi hukua kwa pamoja na yanasahihishana. Mwenye miaka 8 ni nadra kusomeka 11. Ni pale kwenye 17 na 18, ambapo serikali imechora mstari wake mzito, ndipo kinywa kinapobaki na shahidi mmoja tu. Niliposikia kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kubebeshwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, nilifikiri kwamba angalau mstari huo meno yanaujua vizuri zaidi.

Lakini daktari mwenyewe alisema dawa si eksirei, ni karatasi siku mtoto anapozaliwa. Kibera tulijua karatasi hiyo nayo ina milango yake. Majirani zetu wa Makina ni Wanubi, wajukuu wa askari kutoka Sudani waliowekwa pale na Waingereza, nao kwa miaka mingi walipigwa msasa wa maswali kila walipotaka kitambulisho. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo ya kuandikishwa wanapozaliwa na kuwa na uraia. Nilisoma habari hiyo nikamkumbuka mama mmoja wa Makina aliyekuwa na watoto watano na aliyejua saa ya kuzaliwa ya kila mmoja.

Wakati fulani nilienda Makumbusho ya Taifa kumwona Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kamoya Kimeu, Mkamba mwenzetu, aliiona Nariokotome mwaka 1984, mwaka uleule wa njaa. Ukimsoma kwa chati za watoto wa leo, mvulana huyo ana miaka 11 au 12. Lakini ganda la jino hujengwa kwa mistari ya siku kwa siku, na wataalamu walipokadiria kwa mistari hiyo wakaona alikuwa na miaka 8 hivi. Wa aina yake walikua haraka kuliko sisi. Nilisimama mbele ya kioo nikasikia sauti ya daktari: kitabu si chake.

Filamu ya gego la binamu yangu ninayo. Imeota rangi ya kahawia ukingoni, kwa sababu siku ile niliiharakisha kwenye siki na maji, na picha isiyosuuzwa hudai haki yake. Jino lenyewe halipo tena. Lilioza, likang'olewa alipokuwa na miaka thelathini na kitu. Yeye sasa ni fundi wa magari, ana kitambi na watoto watatu wenye vyeti vya kuzaliwa vilivyofungwa kwenye nailoni.

Desemba iliyopita tulikuwa kwa shangazi, Gatina. Nilimpa binamu yangu ile filamu. Aliinua mkono wenye madoa ya oili, akaiweka mbele ya balbu, akakunja jicho moja. Nilimwonyesha kwa njiti ya kiberiti: mzizi huu, na huu, na hapa mwisho ulipokuwa wazi. Aliitazama muda mrefu, mtu wa miaka arobaini akimwangalia mvulana.

"Kumbe nilikuwa bado," akasema.

Shangazi alikuwa jikoni anasonga ugali, wa unga mweupe. Hakugeuka.

"Na nani alikuwa hajui?" akasema.